Utoe notisi, usepe kimya kimya au usubiri wakufukuze? Njia za kuacha kazi inayokutesa, zikiwekwa pamoja

Mwaka 2016 niliacha kazi ya stoo kwenye duka moja la jumla la vifaa vya umeme Kariakoo kwa kuzima simu. Ndio hivyo tu, Jumatatu sikwenda, Jumanne sikwenda, laini nikaitoa nikaweka nyingine. Mwaka 2021 nikaacha kazi nyingine, nayo ilikuwa inatesa pengine kuliko ile ya kwanza, ila hii niliiacha kwa barua, siku 28 nikazimaliza, makabidhiano yakasainiwa, kopi yenye mhuri nikaondoka nayo. Hizo mbili nimezipitia mwenyewe na nyingine nimemsindikiza mdogo wangu na majirani wawili watatu mpaka mlangoni mwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, kwahiyo mtu akiniuliza "dada nimechoka, niache vipi" siwezi kumjibu kwa neno moja, inabidi nimwekee zote mezani aone kila moja inampa nini na inamnyima nini.

Ninayosema hapa ni ya Tanzania Bara na ni sekta binafsi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007. Zanzibar wana sheria yao ya ajira Na. 11 ya 2005, watumishi wa serikali nao wana taratibu zao, na ndugu zetu wa Kenya japo nao wana siku 28 kwenye sheria yao ya 2007 mengine yanatofautiana, usichukue hesabu za hapa ukazipeleka kule.

Ili tulinganishe vizuri tumchukue mtu mmoja. Mshahara wa msingi 520,000, anafanya siku sita kwa wiki, kaajiriwa kwa mkataba usio na mwisho, ana miaka mitatu na miezi sita pale. Ukigawa kwa siku 26 unapata 20,000 kwa siku. Huyu mtu ndo tutatembea naye njia zote.

Kusepa kimya kimya

Naanza na hii kwa sababu ndo inayovutia kuliko zote, nakumbuka ule usingizi wa Jumatatu asubuhi nilipojua siendi, sijawahi kulala vile. Huandiki kitu, humuangalii bosi usoni, hakuna mtu wa kukutukana kwa siku 28 zingine.

Sasa angalia kinachofuata. Zile kanuni za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana kama kosa kubwa la nidhamu, la kumfukuzisha mtu. Kwahiyo ulikuwa mtu mwenye malalamiko ya haki kabisa, mshahara unachelewa, matusi, masaa ya ziada hayalipwi, na ndani ya wiki moja umegeuka wewe mwenye kosa, faili lako likifunguliwa linasoma "mtoro". Kisheria mshahara wa siku ulizofanya na likizo ambayo hukuenda bado ni vyako, hilo halifutiki, ila niambie nani aliyesepa anarudi kudai? Mimi nilikuwa na siku 19 za mwezi ule nimefanya kazi na sikuzipata mpaka leo kwa sababu sikuwa na uso wa kurudi.

Na hiyo ndio sehemu ndogo. Kubwa ni makabidhiano. Mtu wa stoo, keshia, dereva, yeyote anayeshika mali au pesa ya mtu, ukiondoka bila kukabidhi basi kila kitakachopungua baada yako ni chako. Wiki mbili baada ya mimi kuondoka wakahesabu stoo wakasema roli 14 za waya hazionekani. Sijui mpaka leo zilikwenda wapi, funguo niliziacha kwa kijana wa zamu bila karatasi yoyote, hakuna hesabu iliyosainiwa siku ninatoka, kwahiyo hakuna nilichoweza kuonyesha. Mimi simu nimezima, wakampigia mjomba wangu aliyenisainia fomu ya udhamini. Mjomba, mtu mzima, mstaafu, akaitwa ofisini kwao akasimama mbele ya vijana wadogo akaulizwa mpwa wake kakimbia na nini. Alilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano ili yaishe. Nilimrudishia pesa, lakini ile siku ya kusimamishwa pale siwezi kumrudishia.

Kwahiyo unapohesabu faida ya kusepa usijihesabie wewe peke yako, hesabu na aliyekudhamini.

Kuna hali moja tu ambayo nasema ondoka saa hiyo hiyo usiangalie nyuma, ni pale mwili wako uko hatarini. Unapigwa, unashikwa kwa nguvu, unafungiwa ndani, unalazimishwa kuingia sehemu itakayokuua bila vifaa. Toka. Ila siku hiyo hiyo au kesho yake ukiwa sehemu salama andika, hata kwa WhatsApp au barua pepe, kwamba leo tarehe fulani nimeondoka kwa sababu hii na hii, na kama ni jinai nenda polisi. Hapo hujasepa, umeondoka ukiwa na sababu iliyoandikwa, na tofauti ya hizo mbili utaiona mbele ya msuluhishi.

Notisi ya siku 28

Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku zisizopungua 28, kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Mkataba wako unaweza kuandika ndefu zaidi kwahiyo usome kwanza. Notisi iwe ya maandishi, iwe na sababu na iwe na tarehe unayoitoa, kumwambia bosi kwa mdomo kwenye korido "mimi mwisho wa mwezi natoka" haihesabiki.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, notisi haitolewi ukiwa likizo na wala siku za notisi haziendi pamoja na siku za likizo. Ule mpango wa "naandika barua alafu naenda likizo siku 28 zinaishia huko huko" unaweza kukugeuka, labda mkubaliane na mwajiri kwa maandishi.

Mtu wetu wa 520,000 akitoka kwa njia hii anapata nini: mshahara wote wa mwezi wa notisi, pesa ya likizo ya mwaka ambayo hakuitumia, na likizo inayoendelea kujikusanya ambayo hesabu yake ni siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 alizofanya kazi, yaani kama kafanya siku 156 tangu likizo ya mwisho ana siku 12, ni 240,000. Kama walimuajiri akiwa Mwanza wakamleta Dar, sheria inagusa pia usafiri wake na mizigo yake kurudi alikotolewa, aulize. Na anapewa cheti cha utumishi, kile cha kuonyesha alikuwepo kuanzia lini mpaka lini. Sio hisani ya bosi, sheria inamtaka akitoe.

Asichopata ni kiinua mgongo, kwa sababu kile kinalipwa pale mwajiri ndiye anayevunja ajira, na hapati fao la kukosa ajira NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii anaochangia kila mwezi, kwa sababu kaacha mwenyewe. Hayo mawili yashike, nitayarudia chini.

Ugumu wa hii njia sitaki kuuficha, ni zile siku zenyewe. Mimi mwaka 2021 ofisi ya mizigo niliyokuwepo, bosi alikataa kupokea barua, akasema sijapokea kitu na akaisukuma ikaanguka. Niliiokota nikaenda nayo mapokezi, maana pale kila barua inayoingia inagongwa mhuri wa tarehe, dada wa mapokezi akaigonga zote mbili yangu na yao bila kuuliza. Jioni nikaituma tena kwa barua pepe. Basi kuanzia pale mwezi mzima sikusalimiwa, meza yangu ikahamishiwa karibu na choo, kazi zikawa zinaletwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nahesabu siku kwa kukata kalenda ya ukutani nyumbani. Lakini kila jioni nilikuwa naandika ukurasa mmoja wa makabidhiano: mizigo gani ipo, ya nani, imelipiwa au bado, risiti namba ngapi, funguo ngapi. Siku ya mwisho zilikuwa kurasa 9 na msimamizi akasaini kila moja. Miezi minne baadae wakanipigia kuuliza mzigo wa mtu wa Songea uko wapi, nikawaambia ukurasa wa sita, wamesaini wenyewe. Simu ikakatwa na haijapigwa tena.

Kama bosi akipokea barua akasema "usinimalizie siku, ondoka leo", usibishane, muombe aandike hivyo au mwandikie wewe ujumbe "kama ulivyoniagiza leo nisiendelee" alafu dai mshahara wa hizo siku, maana uliyekuwa tayari kufanya kazi ni wewe.

Kuondoka leo leo na kukatwa mwezi

Hii wengi wanaiita ya saa 24. Unaandika barua kabisa, unakabidhi, ila hukai siku 28. Sheria inasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yake kiasi ambacho angelipwa kipindi hicho. Kwahiyo mtu wetu 520,000 inaondoka, 240,000 ya likizo inamezwa na sehemu ya mshahara wa siku alizofanya inamezwa pia.

Inalipa wakati gani? Kama kazi mpya inaanza Jumatatu na inalipa 800,000, kosa la mwezi mmoja unalirudisha ndani ya miezi miwili. Au kama kichwa chako kimefika mwisho, hulali, huli, presha imepanda, mwezi mmoja wa mshahara ni bei ndogo. Ila kama unatoka kwenda kukaa nyumbani bila chochote, kujikatia laki tano siku ya kwanza ya ukame mimi sikushauri. Na kabla hujakubali kukatwa muombe mwajiri mpya akusubiri mwezi, wengi wanasubiri, tena anayekuona unaheshimu notisi ya mwenzake anajua na yeye utamheshimu.

"Chagua, ujiuzulu au tukufukuze"

Hapa naomba usome pole pole kwa sababu ndo watu wanapoumizwa sana. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kiwandani, siku moja wakamuita HR na meneja, wakamwekea mezani barua ya kujiuzulu ambayo wameshaichapa, jina lake lipo, tarehe ipo, kimebaki kidole cha kusaini. Wakamwambia kwa upole kabisa, "saini hii utoke na heshima yako, usiposaini tutakufukuza na jina litaharibika huko nje." Kosa lenyewe walilosema kalifanya hawakuliandika popote.

Mtu akiwa kwenye kile chumba anaona kujiuzulu ni heshima na kufukuzwa ni aibu. Weka pesa ubavuni mwa hiyo heshima uone. Mtu wetu wa miaka mitatu kamili na miezi, akisaini kwamba kajiuzulu kwa hiari: kiinua mgongo sifuri. Fao la kukosa ajira sifuri. Kesi ya kuachishwa isivyo halali, mlango umebana sana maana karatasi inasema kaacha mwenyewe.

Asiposaini, wakaamua kumuachisha wao: kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, awe amemaliza angalau miezi 12. Kwake ni 7 mara 3 mara 20,000, sawa na 420,000. Notisi wampe afanye kazi au wamlipe, 520,000. NSSF kama amechangia miezi isiyopungua 18 na masharti mengine anayo, fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, yaani kama 173,000 kwa mwezi, jumla inagusa milioni moja na kitu. Ukijumlisha vyote unakaribia milioni mbili ambazo zinafutwa na sahihi moja. Na bado anaweza kwenda CMA kuuliza walikuwa na sababu ya halali na walifuata utaratibu wa kumsikiliza au la, ilimradi awe amefika miezi 6 kazini.

Kweli ipo hali ambayo kujiuzulu kuna maana. Kama kosa ulilifanya kweli na wana ushahidi, unajua mwenyewe moyoni, basi ukifukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu kiinua mgongo hupati vilevile, hapo kuomba utoke kwa makubaliano inaweza kuwa nafuu kwako. Mimi sio wa kumwambia mtu apigane vita ambayo anajua amekosa. Lakini kama hujafanya, usisaini siku hiyo. Sema "naomba nikasome nyumbani, nitajibu kesho." Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini ndani ya chumba kile. Mdogo wangu aliomba kwenda chooni akanipigia, nikamwambia maneno hayo hayo, akarudi akayasema, meneja akakasirika, lakini barua haikusainiwa, na wiki iliyofuata wakamletea karatasi nyingine kabisa, ya kupunguzwa kazi, ikiwa na malipo.

Pale kazi yenyewe inapokusukuma utoke

Hii inafanana na kuacha kwa notisi ukiitazama kwa nje, ndani ni kitu kingine. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira yasivumilike mpaka mtu akaandika barua ya kuacha, huko ni kuachishwa na mwajiri, sio kuacha kwa hiari. Kanuni za 2007 zinataja wazi unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda nao, na pia kutendewa isivyo haki, ila kwenye hilo la pili wanategemea uwe umeshatumia njia za malalamiko zilizopo kazini kama zipo, labda uwe na sababu nzuri ya kutozitumia.

Na hapa ndipo sentensi moja kwenye barua inaua kesi ya mtu. Tumezoea kuandika "naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano wenu wote mlionipa." Tunaandika kwa adabu, ndivyo tulivyolelewa, huondoki kwenye nyumba ya mtu ukitukana. Lakini ukifika CMA ukasema nililazimika kuacha kwa sababu sijalipwa miezi mitatu na meneja ananishika shika, wakili wao anatoa barua yako mwenyewe anaisoma kwa sauti: sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano. Jirani yangu yalimkuta hayo, alikaa pale kwenye kiti analia na hana la kusema kwa sababu mwandiko ni wake.

Sio lazima utukane ili useme kweli. Andika tu: mshahara wa miezi hii na hii haujalipwa, nililalamika kwa maandishi tarehe hii na hii, sikujibiwa, siwezi kuendelea. Adabu ipo na ukweli upo. Kabla ya kufika hapo uwe umetunza skrinishoti, salari slipu, jina la mwenzako aliyeona. Kwa dada aliyesumbuliwa kingono naongeza, mwambie mtu mmoja unayemuamini siku ile ile ilipotokea, kwa ujumbe wenye tarehe, ili baadae asije mtu akasema umetunga.

Siku nazo zinahesabika, kupeleka CMA mgogoro wa kuachishwa ni ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na madai mengine kama mshahara ambao hukulipwa ni siku 60. Fomu namba moja unaijaza, unampelekea mwajiri kopi, ukiwa na uthibitisho kwamba kapokea ndo unaipeleka tume. Watu wengi wanakaa nyumbani miezi mitatu wanauguza moyo, ambayo ni haki yao, ila wakija kuinuka siku zimeshapita na inabidi waanze kuombea msamaha wa kuchelewa kwanza.

Ukilinganisha na notisi ya kawaida: notisi ya kawaida ni nyepesi, inaisha ndani ya mwezi, unatoka na jina safi na pesa ndogo. Hii ya pili ni nzito, unahitaji ushahidi, unahitaji nauli za kwenda na kurudi CMA, utakutana na bosi uso kwa uso, na inaweza kushindikana. Kama kilichokuchosha ni kazi ya boringi, mshahara mdogo, bosi mkali tu, chukua notisi ya kawaida uende zako. Kama uliumizwa, usikubali kujiandikia hiari ambayo hukuwa nayo.

Mkataba wa muda maalum

Kwa ufupi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja au miwili asidhani siku 28 zinamtoa moja kwa moja. Angalia kama mkataba wenyewe una kifungu cha kuvunja kabla ya muda. Kama hauna, njia ni mbili, mwajiri awe kavunja mkataba kwa jambo kubwa, au mkae mezani mkubaliane aukatishe mapema. Mara nyingi miezi imebaki mitatu minne tu, hapo hata mimi naona afadhali kumaliza.

Uache kwanza au upate kwanza

Hili watu wanalichukulia kama swali la ujasiri, mimi naliona ni swali la kodi ya nyumba. Dar mwenye nyumba anataka miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo, kwahiyo angalia kodi yako inaisha lini, ukiacha kazi mwezi mmoja baada ya kulipa una paa juu ya kichwa kwa muda, ukiacha mwezi mmoja kabla unajikuta unakubali kazi yoyote ile hata mbaya kuliko uliyoikimbia. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara nenda kaongee nao kabla mshahara haujakatika, deni haliondoki na kazi. Kadi ya bima inayopitia kwa mwajiri nayo itasimama, kama mtoto ana kliniki au una miwani ya kutengeneza fanya sasa.

Na kabla hujatoa barua, chukua taarifa ya michango yako NSSF ukiwa bado mfanyakazi. Mimi ile ya 2016 nilikuja kuangalia miaka miwili baadae nikakuta miezi 7 haijapelekwa wakati slipu zinaonyesha nilikatwa. Ukiwa ndani unauliza kama mfanyakazi, ukiwa umesepa unaanza vita ukiwa nje ya geti.

Ubaya wa kutafuta ukiwa bado ndani ni kwamba mateso yanaendelea, na mtu anayetukanwa mchana kutwa akienda usaili jioni anaenda amenyong'onyea. Mtu wa hivyo nikiona ana akiba ya miezi mitatu au nyumbani kuna wa kumshika mkono, namwambia atoke kwa notisi apumzike wiki mbili ndo aanze kutafuta. Asiye na hata mwezi mmoja, avumilie akitafuta, lakini ajiwekee tarehe ya mwisho, maana "nikipata nitaondoka" isiyo na tarehe nimeona ikimaliza miaka sita ya mtu.

Barua yenyewe

Wengi wanaogopa kuandika kwa sababu hawajui waandike nini, wanajaza kurasa mbili za historia. Haihitaji. Kwa anayetoa notisi ya kawaida:

"Ninatoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi ya (cheo) kuanzia leo tarehe ____. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe ____. Sababu ya kuacha ni ____. Niko tayari kukabidhi kazi na mali zote nilizonazo kwa maandishi kwa mtu mtakayemteua. Naomba siku ya mwisho nilipwe mshahara wangu, malipo ya likizo ambayo sijaitumia, na nipewe cheti cha utumishi."

Jina, sahihi, tarehe. Chapa mbili, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa au mpokeaji asaini na aweke tarehe, wakikataa itume kwa barua pepe uwepo ushahidi. Yako ipige picha hapo hapo nje ya mlango, umtumie mtu wa nyumbani, na karatasi yenyewe ukaiweke nyumbani, sio kwenye droo ya ofisini.